Tumbo Liliponyamaza

Wanawake wengine hujua wana mimba kwa kichefuchefu. Mimi nilijua kwa kupona.

Tumbo langu lilikuwa bovu tangu usichana. Nilizaliwa Kilole, pale Korogwe, kwa wazazi waliokuja kufuata kazi ya mkonge, na nikiwa bado kwa mama yangu ndipo yalipoanza maumivu hayo. Yalikaa chini ya kifua, mahali padogo ambapo ningeweza kupafunika kwa kiganja. Yaliwaka asubuhi kabla sijala, yakawaka tena mchana njaa ikianza kuuma. Nikitia kitu tumboni yanatulia, halafu yanarudi. Dawa yangu ilikuwa magadi. Nilifunga donge la magadi kwenye pindo la kanga, na nilipozidiwa nikalifungua na kulilamba.

Nilipoolewa Handeni, mume wangu aliniona nikilamba akaniambia nimekuwa ng'ombe. Siku hiyo hakupata neno kutoka kwangu mpaka jua likazama. Mimi hasira zangu ziko karibu, sizifichi. Yeye alikuwa fundi cherehani, alishona kwenye baraza la duka moja karibu na boma, na alikuwa mtu wa polepole, wa kupima kabla ya kukata. Kesho yake aliniletea magadi mengine kutoka sokoni, donge jeupe safi, akaliweka karibu na jiko. Nikajua nimepata mume.

Mamamkwe wangu naye alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na jibu moja kwa kila swali. Kwa Waziguwa, na hata kwetu Korogwe, mwanamke akishika tumbo basi ana chango. Chango ndilo linalokunja tumbo la uzazi, ndilo linalokula mimba. Ukimwambia maumivu yako ni ya juu, karibu na kifua, atakwambia chango hupanda. Basi alinichemshia mizizi kwenye chungu kidogo, nikatakiwa kunywa alfajiri kabla ya kutia chochote kinywani. Maji yale yalikuwa machungu kupita mchunga, na yalipofika chini nilijikunja.

"Inafanya kazi hiyo, mwanangu," alisema, akinishika bega. "Chango linapigana."

Mtu hagombani na mamamkwe wake, hata mtu kama mimi. Nilichofanya ni kuomba ninywee nje, nipate upepo, na huko nje kulikuwa na mpapai. Mpapai ule ulistawi sana.

Kisha asubuhi moja niliamka, nikaenda kisimani, nikarudi, nikafagia, nikatwanga, na hadi mchana ndipo nilipogundua kuwa sijafungua pindo la kanga. Nilisimama na mchi mkononi nikijisikiliza. Hakuna kitu. Siku iliyofuata hakuna kitu. Nikala maharage, nikala pilipili, nikala embe bichi kwa makusudi, nione kama tumbo litathubutu. Likanyamaza kimya. Mwezi ukapita, siku zangu hazikuja, na mamamkwe akapiga kigelegele akisema chango limeshindwa. Sikumwambia habari za mpapai.

Furaha ile haikufika mbali. Nilikuwa nimeketi nachambua choroko mchana mmoja, nikasikia pale chini ya kifua pamewaka, kidogo tu, kama mtu aliyebisha hodi. Nikafungua pindo, nikalamba. Baada ya siku chache mimba ikatoka.

Mara ya pili ilikuwa vivyo hivyo. Tumbo likanyamaza, nikajua. Wiki zikaenda. Kisha maumivu yakarudi, na safari hii nilijua kinachokuja nyuma yake, nikakaa nikingoja, na kikaja. Siwezi kueleza uchungu wa kungoja kitu kama hicho ukiwa unapika ugali wa watu.

Tangu hapo niliyaogopa maumivu yale kwa sababu nyingine kabisa. Nilisadiki kwamba tumbo langu ndilo linalowatoa watoto. Nililiona kama mke mwenza mwenye wivu, linavumilia kidogo, kisha linaamka na kumfukuza mgeni. Sikumwambia mtu, maana ningesema nini? Mamamkwe angeongeza mizizi.

Liliponyamaza mara ya tatu, sikufanya majaribio ya pilipili. Nilikula uji na ndizi za kuchemsha, nikatembea kama niliyebeba mayai. Mume wangu sikumwambia, lakini mtu anayeishi kwa kupima watu haachi kuona. Aliona donge la magadi limekaa zima kwenye pindo. Aliporudi jioni kutoka barazani hakunitazama usoni kwanza, alitazama mkono wangu ulipo. Ukiwa haupo kifuani, alikaa akavua kofia akaomba maji. Hivyo ndivyo tulivyoishi miezi ile, yeye akitazama mkono wangu na mimi nikijifanya sioni.

Tumbo likakua. Mtoto akaanza kucheza, mateke hasa, ya mtu mwenye madai. Nikapita pale ambapo mimba za kwanza ziliishia, nikapita zaidi, na siku zikafika za kupelekwa kwa mama. Ndiyo desturi yetu, mzaliwa wa kwanza huzaliwa kwa mama mzazi wa mwanamke, ili binti apate mtu wa kumlilia bila haya. Mume wangu akanitafutia nafasi mbele, kwenye lori lililokuwa linapeleka mahindi Korogwe. Akamwambia dereva awe anapita mashimo taratibu. Dereva akacheka akamwuliza, "Fundi, unadhani barabara hii niliishona mimi?" Tulipita Sindeni vumbi limetufunika, na mtoto alirusha mateke njia nzima. Nilifika Kilole nimechoka lakini tumbo kimya.

Mama yangu alikuwa mjane, na bado alikwenda shambani, katika lile kundi la wanawake waliotandaza singa za mkonge kwenye nyaya zikauke. Alinipokea kwa kunizunguka kama anayekagua mbuzi wa kununua. Miguu ilikuwa imevimba, mgongo unauma, na uso wangu, alisema, ulikuwa wa mtu asiye na damu.

"Huna nguvu wewe," akasema. "Na uchungu unataka nguvu. Kule Handeni wanakulisha upepo?"

Sasa lazima nieleze chai ya kwetu. Kambini watu waliondoka gizani kwenda kukata mkonge, wengi bila kula. Kabla ya kutoka walikunywa chai ya rangi, nyeusi, sukari nyingi, na ndani yake vidonge vya kichwa vimesagwa kwa mgongo wa kijiko. Vile vyeupe vya aspirini vilivyouzwa kwenye kila duka. Vilitoa uchovu mwilini, walisema, na mtu angemaliza kazi yake ya siku bila mgongo kulia. Baba yangu alikunywa, mama alikunywa, sisi watoto tulikunywa tulipokuwa na mafua. Kwetu havikuwa dawa. Vilikuwa sehemu ya chai, kama watu wengine wanavyotia tangawizi.

Basi mama akanitilia nguvu asubuhi na jioni. Mgongo ukatulia siku ile ile, nami nikamsifu. Hata tulipokwenda kliniki ya wajawazito, muuguzi akauliza kama natumia dawa yoyote, tukajibu hapana kwa pamoja, mama na mimi, kwa moyo mweupe kabisa. Mama aliongeza kwamba za mizizi pia sinywi, akanitazama kwa fahari.

Nilikuwa naanika nguo za mama uani, asubuhi, jua bado changa. Nikainua mikono kuiweka kanga kwenye kamba, na pale, chini ya kifua, pakawaka.

Kanga ilianguka mchangani. Nami nikakaa chini palepale, polepole, miguu imenyooka mbele. Nilishika tumbo la mtoto kwa mikono yote miwili nikasema, "Usiende. Usiende." Nilimwambia kwa sauti, majirani wakasikia. Nilijaribu kumsikia akicheza na sikumsikia. Sasa najua mtu mwenye hofu kama ile hasikii kitu, hata akipigwa teke.

Mama akatoka mbio, unga mikononi.

"Limerudi," nikamwambia.

Habari za mimba mbili alizijua. Hakuuliza kitu gani kimerudi. Alikaa mchangani kando yangu, akajipangusa unga mikononi. Kisha akaniinua. Akanifunga kanga ile iliyoanguka, na vumbi lake, tukashika njia ya hospitali. Nilikwenda hatua ndogo ndogo, mapaja nimeyabana, nikiona kila mtu anayetusalimia anatuchelewesha. Kuna bibi mmoja tuliyemwamkia akaanza kutuuliza habari za wote walioko nyumbani, mmoja mmoja. Shikamoo niliitoa, lakini nilimwacha akijibu mgongo wangu. Hadi leo watu wa nyumbani kwake hawajanisamehe.

Daktari alikuwa Mhindi wa makamo, mwenye Kiswahili cha kazini, kifupi na kilichonyooka. Alinilaza, akachukua kile kipembe cha mbao, upande mmoja akauweka tumboni na mwingine sikioni. Akasikiliza. Akahamisha. Akasikiliza tena. Mama alikuwa amenishika kidole gumba cha mguu, sijui kwa nini kidole hicho, na alikuwa anakibana.

"Mzima," akasema daktari. "Moyo unapiga vizuri sana."

"Bwana Mganga, sikiliza tena," nikasema.

"Nimesikiliza."

"Sikiliza tena!"

Mama akanikanya, lakini yule mtu hakukasirika. Akasikiliza tena. Kisha akamwita mama, akamwekea kichwa chake kwenye pembe, akamsogeza mpaka sikio likakaa mahali pake. Mama alikunja uso. Akashika pumzi. Halafu nikaona macho yake yanafunguka.

"Mwee!" akasema. "Anatwanga! Mwanangu, anatwanga huyu, na ana haraka!"

Nililia mpaka masikio yakajaa machozi, maana nilikuwa nimelala chali. Roho ilikuwa imerudi mahali pake. Hata hivyo pale chini ya kifua paliendelea kuwaka, na mimi si mtu wa kufarijiwa nusu. Nikamwambia daktari yote, tangu magadi mpaka mimba ya kwanza na ya pili, jinsi tumbo linavyonyamaza na linavyoamka kumfukuza mtoto. Nilisema, "Huyu yuko leo. Kesho je?"

Alivuta kiti. Nadhani hakuwa amewahi kusikia mtu akieleza jambo hilo hivyo, kwa sababu aliuliza maswali mengi, na alisikiliza majibu. Kisha akanieleza. Alisema nina kidonda tumboni, katika ukuta wa tumbo la chakula, na kinachokiunguza ni asidi, maji makali ambayo tumbo hujitengenezea ili kusaga chakula. Ukuta hujikinga kwa ute. Mwanamke akishika mimba, alisema, mwili hutia homoni kwenye damu, nazo ni kama ujumbe unaozunguka mwili mzima. Wanawake wengi wenye vidonda hupata nafuu wakiwa na mimba, na madaktari walidhani ni kwa sababu ya ujumbe huo, kwamba asidi inapungua na ute unaongezeka. Mimba ikianza kuharibika, homoni hupungua kwanza. Tumbo linakosa ule ujumbe, linarudi kwenye kazi yake ya zamani.

"Tumbo lako halimfukuzi mtoto, mama," akasema. "Linapata habari mapema tu."

Nimeambiwa maneno mengi mazuri maishani mwangu, mengine na mume wangu, lakini hakuna lililonitua mzigo kama hilo. Miaka yote ile nilikuwa nimelichukia tumbo langu. Nilikuwa nimejichukia mimi mwenyewe, maana tumbo ni la nani? Na kumbe halikuwa na wivu na mtu. Lilikuwa linapata msiba kabla yangu, basi.

Daktari hakumaliza. "Lakini mimba hii nzima," alisema, "na kidonda kimeamka. Kitu gani kimekiamsha? Unatumia dawa gani?"

"Situmii," nikasema.

"Hatumii," akasema mama.

"Asubuhi unakula nini?"

"Chai," akajibu mama.

"Chai tupu?"

"Ah, chai tupu! Chai ya vidonge, Bwana Mganga. Mimi mwanangu simpi chai tupu."

Daktari akaweka ile pembe mezani. Akauliza vidonge gani, vingapi, tangu lini, na mama akamjibu yote kwa kujiamini kama anayetoa mapishi. Alipofika kwenye kusaga kwa mgongo wa kijiko, yule mtu alifunika uso kwa kiganja. Kisha akamweleza, bila ukali, kwamba vidonge vile huondoa kinga ya tumbo, tena tumbo lenye njaa, tena lenye kidonda, na kwamba mtu anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani hadi afe. Mwanamke aliye karibu kujifungua ndiyo kabisa asivinywe. Akanipa dawa nyeupe nzito ya kunywa, akaniambia nile kidogo kidogo mara nyingi, maziwa nikipata.

Tuliporudi mama alitembea mbele yangu njia nzima. Tulipokaribia nyumbani akasimama.

"Nilikuwa nakuua," akasema.

Angeweza kulia, na mimi nilijua akianza yeye hatutafika. "Mama," nikamwambia, "acha hizo. Umesikia mwenyewe, anatwanga."

"Anatwanga," akasema. Akacheka kidogo, akajifuta kwa ncha ya kanga. Vidonge alivyobakiza alivitupa chooni siku hiyo hiyo, na jioni aliniletea maziwa ambayo sijui aliyapata kwa nani. Baada ya siku chache tumbo likanyamaza tena. Nilijifungua msichana, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Mume wangu alikuja kwa lori jingine na gauni la mtoto alilolishona mwenyewe, kubwa mno, lingemtosha mtoto anayekwenda shule. Fundi mzima alikuwa amesahau kupima.

Msichana yule ndiye aliyekuja kusomea uuguzi, miaka mingi baada ya Uhuru, na ndiye aliyenimalizia habari ambayo daktari wa Korogwe hakuwa na njia ya kuijua wakati ule. Alinichorea. Alisema kwenye ukuta wa tumbo mna vijumba vidogo vya kutengeneza asidi, na juu ya vijumba hivyo pana vipokezi. Kila kipokezi humtambua mjumbe wake tu. Kuna mjumbe anayetoka tumboni mwenyewe chakula kikiingia, kuna mwingine anayeitwa histamini, kuna wa mishipa ya fahamu, na hao wakifika kwenye vipokezi vyao asidi humwagwa. Wapo wengine wanaosema punguza, ongeza ute, na hao ndio aspirini huzuia wasitengenezwe, kipokezi chao kikabaki kinangoja mtu asiyekuja. Homoni za mimba nazo zina vipokezi vyake kwenye ukuta huo. Hasa zinafanyaje, alisema, wataalamu wenyewe bado wanabishana. Nilimwambia basi tumbo langu lina masikio mengi kuliko baba yake. Baba yake alikuwepo, hakusikia.

Ila mimi nilikuwa nimekwisha kuelewa zamani, kwa namna yangu, na nataka niisimulie asubuhi niliyoelewa.

Tulikuwa tumerudi Handeni. Mtoto alikuwa ameanza kukaa mwenyewe na kujaribu kutambaa, anakwenda kinyumenyume na kukasirika. Nilikuwa nampa uji mkekani. Nikainama kuokota kijiko, na chini ya kifua pakawaka, palepale, vilevile.

Mwili haukujua kuwa mambo yamebadilika. Mkono mmoja ukaenda kifuani wenyewe. Ndivyo mume wangu alivyonikuta, alikuwa amesahau mkasi wake na kuurudia. Alisimama mlangoni. Aliutazama mkono wangu, na nikaona uso wake unaanza kuanguka kama ulivyoanguka mara zile mbili.

Na mtoto akapiga kelele, akidai uji wake.

Tukamtazama sote wawili. Uji ulikuwa umemjaa mashavuni na kwenye nyusi. Maumivu yaliwaka, yakawaka tena, na yeye alikuwa amekaa pale pale mkekani, hakupungua kitu.

"Limerudi," nikamwambia mume wangu. "Limerudi, na mtoto yupo."

Alikuja akakaa mkekani pamoja nasi, akamchukua mtoto na uji wake wote, akamwegemeza kwenye shati safi la kazini. Nikafungua pindo la kanga, nikatoa magadi yangu, nikalamba.

"Ng'ombe," akasema mume wangu, na safari hii nilicheka mpaka tumbo likaniuma zaidi.